Gemu na tabia za watoto: maswali ambayo wazazi hawaachi kuniuliza

Kwa miaka tisa nilikuwa na banda la gemu Morogoro: TV nne, PlayStation nne, mabenchi mawili ya mbao na feni moja iliyopiga kelele kuliko wateja. Sasa banda liko kwa mdogo wangu, lakini maswali yamebaki kwangu. Wazazi wananisimamisha sokoni, msikitini, hata kwenye foleni ya daladala, na karibu wote wanaanza hivi: "Hebu wewe uliyekaa na hawa watoto…" Nimeandika hapa niliyoyaona pamoja na niliyoyasoma kwa watafiti, maana macho ya mtu mmoja na TV nne hayatoshi kuhukumia dunia nzima.

Tuanze na lile kubwa. Gemu za vita zinamfanya mtoto awe katili?

Kwa maana ile inayowanyima wazazi usingizi, yaani leo apige risasi kwenye TV na kesho ashike panga, hapana. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilitoa tamko mwaka 2015 na kulirekebisha mwaka 2020. Kinasema ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu za mapigano na vurugu zenyewe, ingawa kuna uhusiano mdogo na uchokozi wa kila siku kama kufoka na kusukumana.

Mdogo kiasi gani? Mwaka 2018 Anna Prescott na wenzake walijumlisha tafiti 24 zilizowafuatilia vijana zaidi ya 17,000 kwa muda. Uhusiano waliukuta, ila mwembamba. Mwaka uliofuata Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wakawachunguza vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Utafiti huu naupenda kwa jinsi ulivyofanywa. Hawakumwuliza kijana kama gemu yake ni ya vita, walitazama alama rasmi za umri. Tabia ya kijana waliwauliza wazazi wake. Na kabla ya kuanza walitangaza hadharani namna watakavyochambua majibu, ili wasije wakachagua lile linalowafurahisha. Uhusiano hawakuuona.

Kwa hiyo wasomi wanavutana kati ya "upo, kidogo" na "haupo". Craig Anderson, ambaye amelifanyia kazi jambo hili miaka mingi, anashikilia kwamba hata athari ndogo ina uzito ikiwagusa mamilioni ya watoto. Mwanasaikolojia Christopher Ferguson anamjibu kwamba vipimo vyenyewe vina kasoro.

Vipimo gani? Huo uchokozi unapimwaje?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa, na mimi nilishangaa. Huwezi kumchezesha mtu gemu kisha ukamwachia barabarani uone atampiga nani. Basi maabara wanabuni njia mbadala. Moja ni ya pilipili: unaambiwa kuna mwenzako asiyependa vitu vikali, umpimie mchuzi wa pilipili atakaoula. Ukimimina mwingi, umehesabiwa mchokozi. Nyingine ni ya kelele: mnashindana kubonyeza kitufe, anayewahi anamchagulia mwenzake mlio, ukubwa wake na muda wake.

Sasa hesabu yake. Uchukue ukubwa wa mlio? Muda? Uzidishe vyote viwili? Raundi ya kwanza tu au zote? Mtafiti Mjerumani Malte Elson alikusanya machapisho yaliyotumia kipimo hicho cha kelele na kukuta matokeo yamehesabiwa kwa njia zaidi ya 100. Kipimo kimoja, mizani zaidi ya 100. Mchuuzi wa nyanya akifanya hivyo sokoni tunamwita jina lingine.

Bandani nilikuwa na kipimo changu kisicho cha kisomi: padi ngapi, vile vidude vya mkononi vya kuchezea, zimebamizwa chini wiki hii.

Mbona basi mwanangu akitoka kwenye gemu anakuwa mkali kama amemwagiwa maji?

Mama mmoja aliniuliza hivi huku amemshika mwanawe mkono, na mtoto bado anatetemeka kwa hasira. Gemu aliyokuwa akicheza ilikuwa ya mpira. Hakuna bunduki wala damu.

Nieleze banda lilivyokuwa. TV mbili za mbele zilikuwa za mpira, mtindo ni ule wa mshindi anabaki: umefungwa, unaachia padi, unarudi mwisho wa foleni na mia tano nyingine kama unayo. TV za nyuma zilikuwa za yeyote, na kwa miaka mingi huko nyuma kulitawala GTA San Andreas. Wanaiba magari, wanapiga polisi, wanaruka na parachuti. Sasa sikiliza: kona ya San Andreas ndiyo iliyokuwa tulivu. Wamekaa bega kwa bega, wanacheka helikopta ikigonga ghorofa, wanapokezana padi bila kuombana. Ugomvi wote niliouamua ulitoka mbele, kwenye mpira.

Na kwenye mpira wenyewe kulikuwa na padi moja ya kijivu. Kijiti chake cha kushoto kilikuwa kimelegea, kinavuta chenyewe. Beki anaondoka taratibu kuelekea kwenye kibendera cha kona bila kutumwa na mtu. Aliyefungwa akiwa na padi ile hakukubali kwamba amefungwa, na ukimwangalia unaona ana haki. Yule mtoto wa mama alikuwa anaongoza 3-2, dakika ya 89, beki wake akaenda matembezini. Likaingia bao la kusawazisha, kisha jingine. Nilichelewa kuibadilisha padi ile kwa ubahili wangu tu. Nilipoibadilisha, wiki zikaanza kupita bila mtu kukunjana shati na mtu.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Przybylski, yule yule, alikuwa ameligusa jambo hili na wenzake mwaka 2014. Walichukua Half-Life 2, gemu ya risasi, wakatengeneza toleo lisilo na ukatili. Kisha wengine wakawafundisha kuicheza, wengine wakawatupia tu. Kilicholeta uchokozi hakikuwa damu, ni kule kushindwa kuimudu gemu. Jaribio jingine lilikuwa la Tetris, yale matofali yanayoshuka. Washiriki walicheza Tetris rahisi au ngumu, kisha wakaambiwa wampangie mtu anayefuata muda wa kuweka mkono kwenye maji ya barafu. Waliopewa Tetris ngumu walimpangia mwenzao, kwa wastani, sekunde 10 zaidi za mateso. Kwa Tetris!

Basi mwanao akitoka amenuna, uliza kwanza amefungwa ngapi, bando limekatika katikati ya mechi au wewe mwenyewe ndiye uliyezima TV zikiwa zimebaki dakika mbili.

Na wale vijana wa Marekani wanaopiga wenzao risasi shuleni? Si walikuwa wacheza gemu?

Baadhi yao ndiyo. Wawili waliofanya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 walikuwa wakicheza Doom, gemu ya risasi, na tangu hapo kila mauaji yakitokea, gemu inatafutwa. Tatizo la hoja hii ni kwamba ukimshika kijana yeyote wa kiume wa Marekani, uwezekano wa kumkuta anacheza gemu ni mkubwa sana, aliyeua na asiyeua. Aliyefanya mauaji ya shule ya Sandy Hook mwaka 2012, ripoti ya mwendesha mashtaka ilionyesha, alikuwa akitumia saa nyingi kwenye gemu ya kudansi.

Hofu hii nayo ina umri. Mwaka 1976 Wamarekani walizozana kuhusu Death Race, gemu ya kugonga vijitu kwa gari, vya mistari myeupe hata huoni ni watu au ni panya. Desemba 1993 kamati za Baraza la Seneti zilikaa kuijadili Mortal Kombat, gemu ya mapigano, na mwaka uliofuata ikaundwa ESRB, bodi ya kutoa alama za umri. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2005 ya kuzuia kuwauzia watoto gemu za ukatili, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta mwaka 2011 kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Antonin Scalia alikumbusha kwamba hata ngano za watoto za Ulaya zina watoto wanaomsukumia mchawi ndani ya tanuri. Angeketi na bibi zetu angesikia zimwi linavyopasuliwa tumbo na watoto waliomezwa wanavyotoka mmoja mmoja.

Japani na Korea Kusini wanacheza gemu usiku na mchana, na mauaji kwao ni machache kuliko Marekani kwa mbali. Gemu ni zile zile. Bunduki dukani ndizo tofauti.

Kwa hiyo gemu hazimbadilishi mtu kwa lolote?

Sijasema hivyo, na anayesema hivyo anauza gemu. Zinabadilisha, ila mara nyingi kwa milango ambayo hakuna anayeilinda.

Zinaingia hata usingizini. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake waliwachezesha watu Tetris kwa siku kadhaa, na wengi wakaripoti kuona matofali yakishuka wanaposinzia. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka kuwa wameucheza mchezo huo, na bado baadhi waliyaona. Mimi nilikuwa naota foleni ya watu wenye mia tano.

Zinanoa macho. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier walionyesha kwamba wasio wachezaji, wakicheza gemu ya vita saa moja kwa siku kwa siku 10, wanaboresha uwezo wa kufuatilia vitu vingi kwa jicho kwa wakati mmoja. Waliocheza Tetris hawakupata faida hiyo kwa kiwango kile.

Zinavuta hata wema. Mwaka 2010 Tobias Greitemeyer na Silvia Osswald waliwachezesha watu Lemmings, gemu ya kuokoa vidudu visije vikatumbukia, kisha mtafiti akaangusha penseli "kwa bahati mbaya". Waliotoka kuokoa vidudu waliinama kuokota zaidi kuliko wengine. Ila kama nilivyoitilia shaka pilipili, na penseli niitilie hivyo hivyo. Ni athari ya dakika chache chumbani. Haithibitishi kwamba mtu amekuwa mwema.

Na mitazamo? Namna mtoto anavyowaona watu wengine?

Swali hili wazazi huliuliza mara chache, na mimi ndilo ninalolithamini.

Jeshi la Marekani lililiuliza mapema. Mwaka 2002 lilitoa gemu yake lenyewe, America's Army, ya bure, ili vijana walipende jeshi na wafikirie kujiunga. Iliendeshwa hadi 2022. Jeshi halimwagi pesa miaka 20 kwenye kitu linachoamini hakimgusi mtu.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Resident Evil 5, gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani, iliyotoka mwaka 2009. Imewekwa Afrika, mahali pa kubuni paitwapo Kijuju. Maadui ni watu walioambukizwa, wanaitwa Majini, na wanaongea Kiswahili. Siku tulipoiwasha bandani, watoto walipiga risasi kidogo, kisha mmoja akashusha padi akauliza: "Hawa mbona wanaongea kama sisi?" Kimya kikapita. Kisha wakaanza kucheka na kubishana nani ni jini. Sijui mtoto wa Osaka au Chicago, ambaye hajawahi kusikia Kiswahili popote pengine, alibaki na picha gani. Mtoto wa Morogoro ana mama yake wa kumsahihishia picha hiyo, yule hana.

Kinyume chake: gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguka kwa Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungiwa muziki na Christopher Tin. Mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Lugha moja, gemu moja inaifanya sauti ya mazimwi, nyingine sauti ya sala.

Haimaanishi kila picha inashika. Kuna utafiti wa Ujerumani uliowafuatilia wachezaji 824 kwa miaka 3, uliochapishwa 2015, ukitafuta kama kucheza gemu kunawafanya waanze kuwadharau wanawake. Haukukuta hilo. Nadhani picha inashika zaidi pale mtu asipokuwa na kingine cha kulinganisha nacho, lakini hayo ni maoni yangu ya bandani.

Matusi je? Ameanza kutukana tangu ajue Free Fire.

Gemu yenyewe haitukani. Wanaotukana ni wale anaowasikia kwenye spika wakati wa kucheza, watu wazima wengine humo. Kaa naye mechi moja, sauti iwe juu. Utajua upesi.

Uraibu wa gemu ni ugonjwa kweli, au ni lugha ya wazazi?

Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa. Toleo la 11 la orodha hiyo lilipitishwa Mei 2019 na likaanza kutumika Januari 2022. Masharti yake ni magumu: mtu ashindwe kujizuia, gemu iyatangulie mambo mengine yote, aendelee ingawa yanamharibikia, na hali hiyo kwa kawaida idumu angalau miezi 12. Kijana aliyekesha wikiendi moja hayumo. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba mara nyingi gemu ni kimbilio la mtu ambaye tayari ana sonona au ana matatizo nyumbani. Katika miaka tisa nilikuwa na mmoja tu ambaye nilimwogopea. Alikuja asubuhi sare ya shule ikiwa ndani ya begi, wala hakuwa akicheza sana. Alikaa tu. Ilikuja kujulikana kwamba nyumbani kulikuwa na vita.

China wamewawekea watoto saa maalumu. Na sisi tufanye hivyo?

Tangu Septemba 2021 mtoto wa China chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini utafiti wa 2023 uliopitia saa bilioni 7 za uchezaji wa huko, kuhusu sheria ya awali ya 2019, haukuona dalili kwamba wachezaji sugu walipungua. Korea Kusini nao walifunga gemu za mtandaoni usiku wa manane kwa walio chini ya miaka 16 tangu 2011, wakaifuta sheria hiyo miaka 10 baadaye. Mwenye nyumba ana nguvu kuliko waziri kwenye jambo hili, akijua simu ya nani inalala chumba gani.

Alama za umri kwenye kasha zina maana?

Zina maana, zisome. GTA V ina 18 kwa mfumo wa Ulaya uitwao PEGI, na haikupewa kwa bahati mbaya: kuna mateso mle na kuna vilabu vya uchi. Hata kama haitamfanya mwanao jambazi, si ya mtoto wa miaka tisa, kama vile mazungumzo ya watu wazima yasivyo yake. Sababu hiyo inatosha, haihitaji maabara.

Ila FIFA, gemu ya mpira, ilipewa 3. Na FIFA ndiyo iliyokuwa na pakiti za wachezaji za kununua kwa pesa bila kujua utampata nani. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilichunguza mtindo huu katika gemu kadhaa mwaka 2018 ikasema ni kamari, na Januari 2019 sarafu za FIFA zikaacha kuuzwa nchini humo. Kwetu, mtoto aliyezoea kufungua pakiti haoni tofauti kubwa anapofika kwenye mashine ya dubwi: taa, mlio, karibu upate, tia tena. Mzazi akiniambia ana nafasi ya kuogopa kitu kimoja tu, namwambia aogope hicho. Namba ya siri ya pesa za kwenye simu asiijue mtu mwingine, hata yule mpole.

Nimtoe vipi bandani bila vita?

Mama yule wa kwanza alikuwa na mtindo wake baadaye. Hakuita tena kutoka barabarani. Aliingia, akaegemea mlango, akatazama saa ya mechi juu ya TV. Ikiwa dakika ya 70 alikaa kwenye benchi, na watoto wakamsogezea nafasi. Filimbi ya mwisho ikilia mtoto anaweka padi, wanaondoka. Siku moja mechi iliisha sare, ikaenda matuta, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kupiga kelele golikipa alipodaka.